Kilwa si magofu tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini. Wageni huvuka kutoka Kilwa Masoko hadi Kisiwani, wakaoneshwa Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa, wakapiga picha na kurudi hotelini. Huambiwa msafiri wa kale Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, na kwamba UNESCO iliyaorodhesha magofu hayo kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981. Sawa. Lakini habari za vyombo vya baharini wanasimuliwa na nani? Fundi yuko pale pale ufukweni, anatia kalafati, anasukumiza pamba yenye mafuta katikati ya mbao, nyundo mkononi. Wageni wanampita bila hata salamu. Dhahabu ya Sofala, kule Msumbiji, haikuja Kilwa kwa miguu! Halmashauri iwaingize mafundi na manahodha kwenye ziara, walipwe, na bei zibandikwe wazi gatini.

Msomaji wako,
Kilwa Masoko, Lindi