Kabla hujalipia freti 24

Tanga,
Jumapili jioni

Kwako Baba Neema,

Bwana asifiwe, na salamu zangu za huku kwetu unazijua. Sisi hatujambo, isipokuwa goti la Mama Zuhura linalojua mvua inakuja kabla ya watu wa redio. Ujumbe wako wa sauti wa dakika saba niliusikiliza kwanza ndani ya daladala, nikaambulia kucheka kwako tu. Usiku nimeurudia vizuri. Nimeona nikujibu kwa maandishi, kwa sababu mambo ya vipimo ukiyasema kwa mdomo yanamwagika njiani.

Kwa hiyo kamati ya kwaya hatimaye imetoa hela. Hongereni! Dukani kuna magitaa mawili ya besi ya nyuzi nne, moja lina freti 20, vile vijichuma vinavyokatiza shingoni, jingine 24, na muuzaji amekushika kifundo: la 24 ni la kisasa, lina noti nyingi, ongeza laki na nusu tu. Nawe unaniuliza mpiga besi wa kwaya anahitaji freti ngapi.

Usiniulize mimi kwanza. Liulize lile gitaa jekundu la kanisani, lenye stika ya msalaba. Legeza nyuzi, zisogeze pembeni, litoe nje juani, kisha chuchumaa utazame freti kwa jicho moja kama seremala anavyotazama ubao.

Hili nimefundishwa na mzee aliyenionyesha gitaa zito, yaani besi, nikiwa kijana. Gitaa lake lilikuwa na umri kunishinda. Siku moja alikuwa anabadilisha nyuzi akaniita nitazame. Kuanzia freti ya 1 hadi ya 7, chini ya kila uzi kulikuwa na kishimo, chuma kimeliwa kama ngazi za nyumba ya kale zinavyoliwa na nyayo. Ya 8 hadi ya 12 zilikuwa na mikwaruzo. Kutoka hapo kwenda juu zinang'aa kama zimetoka kiwandani jana. Akagonga freti za chini kwa ukucha: "Hapa ndipo nilipojenga." Akagonga za juu: "Huku nilikuja kusalimia." Na huyo alikuwa amepiga dansi, taarabu na harusi zisizo na idadi.

Sasa tuhesabu hizo noti nyingi unazouziwa. Uzi wa chini mnene ni E, halafu A, D, na mwembamba ni G. Freti ya 12 inarudia noti ya uzi mtupu, ule usiobonyezwa, oktavi moja juu, yaani noti ileile kwa sauti nyembamba zaidi, ya 24 inairudia tena. Kwenye gitaa la freti 20, mwisho wa uzi wa G ni E bemoli, nusu hatua chini ya E. La 24 linaishia G. Utasema nyuzi nne mara freti nne, noti 16 mpya. Sivyo. Freti ya 21 hadi ya 24 kwenye uzi wa D ni noti zilezile ulizo nazo tayari kwenye uzi wa G, freti ya 16 hadi ya 19. Vivyo hivyo kwa A na E. Noti ambazo kweli hukuwa nazo ni nne tu: E, F, F kali (nusu hatua juu ya F) na G, zote juu kabisa kwenye uzi mwembamba. Laki na nusu gawanya kwa nne, kila noti imekugharimu shilingi 37,500. Tena ziko katikati ya sauti ya alto. Ukifika huko na besi lako, akina mama wa sauti ya pili watakugeukia wakuulize umepotea njia gani.

Na hizo 20 si za unyonge. Fender, mtengenezaji wa magitaa wa Marekani, alipotoa besi ya Precision mwaka 1951 aliipa freti 20, na Jazz Bass iliyofuata mwaka 1960 ikapewa 20 vilevile. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo lukuki za kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit, alitumia Precision ya mwaka 1962 na kidole kimoja cha mkono wa kulia. Music Man walipoleta StingRay mwaka 1976 waliongeza moja, zikawa 21. Hiyo moja mimi naielewa, kwa sababu freti ya 21 kwenye uzi wa G ni E, kwa hiyo kutoka uzi mtupu wa chini hadi hapo unapata oktavi tatu kamili za E. Mtu akiniambia anataka 21, simbishii.

Mimi mtu wa Tanga lazima nijisifu kidogo. Ndugu wawili wa akina Kinyonga walianzia huku kwetu kabla ya bendi yao ya Simba Wanyika kuvuma Nairobi, na mwaka 1978 waliojitenga na Simba Wanyika wakaunda Les Wanyika, besi akiwa nayo Tom Malanga. Sikiliza besi ile. Inaimba, inanyamaza, inaimba tena, na pale iliponyamaza ndipo unapojikuta unatikisa bega. Tunapopiga nyimbo zao kwenye kumbi, mkono wangu wa kushoto unakaa chini ya freti ya 12 usiku kucha, na sijawahi kusikia mchezaji akilalamika.

Muuzaji hakukwambia kwamba freti za ziada zinahitaji mahali pa kukaa. Besi ya kawaida ina uzi wa inchi 34 kutoka nati ya kichwani (si nati ya boliti, ni kile kipande chenye mifereji ya nyuzi) hadi kwenye daraja, kile kipande cha mwilini kinachoshikilia nyuzi. Kwa urefu huo, freti ya 20 iko milimita 272 kutoka kwenye daraja. Ya 24 iko milimita 216. Ubao wa freti umesogea milimita 56, karibu upana wa vidole vitatu, na umesogea kuelekea mkono wako wa kulia. Ndipo pikapu ya mbele, ile ya kunasa sauti, si ya kubebea matofali, inapohamishwa, au inabanwa hadi kugusana na ubao. Ikirudishwa nyuma, ule unono wa sauti unapungua. Kwa kwaya yenye watu 40 na kinanda, unono ndio riziki yako.

Halafu wewe unapiga slapu. Usikatae, nimekuona kwenye ile video ya Pasaka. Kidole gumba kinapiga uzi karibu na mwisho wa ubao, cha shahada kinaingia chini ya uzi wa G kuuvuta. Kinahitaji nafasi ya kuingia. Nilinunua la freti 24 miaka ile, nimeshawishika na maneno haya haya, dukani kwa mtu nisiyemtaja. Harusi ya kwanza, Muheza, saa sita usiku, watu wamepamba moto, nikavuta uzi kwa nguvu na kidole kikakuta ukingo wa pikapu mahali nilipozoea kukuta hewa. Ukucha ulipasuka katikati. Nilimaliza wimbo nikilitia damu gitaa jipya, bwana harusi ananishangilia akidhani nimepagawa na muziki. Nililivumilia miezi minne, nikaliuza kwa hasara kwa kijana wa Dar.

Kwa yule kijana, hata hivyo, lilikuwa sahihi. Yeye anapiga solo kwa besi, anashika kodi, yaani noti tatu kwa mpigo mmoja, huko juu, anagonga nyuzi kwa mikono yote miwili kama anapiga kinanda. Anazihitaji zote 24. Na nikiwa mkweli, lilikuwa na jambo moja ambalo bado nalitamani: mkato wa mwili, pale shingo inapoingilia, ulikuwa wa kina, kwa hiyo freti ya 17 au ya 18 mkono ulifika bila kujinyonga. Magitaa mengi ya freti 20 shingo inaingia mwilini mapema, na hizo tatu za mwisho unazifikia kwa kulitoa gumba nyuma ya shingo. Kwa hiyo dukani usihesabu freti tu. Kaa, vaa mkanda, simama, kisha jaribu kufika ya 17. Freti usiyoifikia ni pambo. Ukiwa umesimama, liachie mkono wa kushoto uone kama kichwa kinaanguka kuelekea sakafuni. Ibada ya saa tatu huku unabeba shingo kwa kiganja, jioni bega halitakwambia ahsante.

Swali ambalo hukuuliza ni la upande wa pili, kule chini. Mwalimu wenu wa kwaya namjua, anapenda E bemoli na D, na ubeti wa mwisho kinanda kinapanda nusu hatua. Kwenye nyuzi nne, chini ya E huna kitu. Wimbo wa D, D yako ya chini kabisa iko freti ya 5 kwenye uzi wa A, tayari uko juu juu wakati wimbo unakutaka ushuke. Uzi wa tano wa B unakupa D kwenye freti yake ya 3 na E bemoli kwenye ya 4. Hizo ni noti ambazo mabenchi ya kanisa yanazisikia. Kama kamati ina hela ya ziada, uliza kama kuna la nyuzi tano, liwe na freti 20 au 22, sijali. Kama hakuna, chukua la 20.

Ukishachagua, fanya jaribio moja kabla ya kufungua pochi. Gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, usikie ile sauti ya kengele. Kisha ubonyeze palepale, upige tena. Programu ya kukazia nyuzi kwenye simu iseme noti ileile mara zote mbili, sindano isiyumbe. Ikiyumba, waombe warekebishe daraja. Wakishindwa, ondoka, kwa sababu kila freti ya juu ya hapo itakuwa inasema uongo. Pita pia freti moja moja, kila uzi, ukisikiliza mlio wa nyuki, yaani uzi unaokwaruza chuma.

Na kwa kuwa uko Dodoma, pitisha kiganja ubavuni mwa shingo. Gitaa likitoka kwenye unyevu wa pwani likaja kwenye ukavu wenu, mbao zinakauka na kusinyaa, chuma hakisinyai, basi ncha za freti zinachomoza pembeni na kukukwaruza kama msumeno. Freti nyingi, ncha nyingi! Likitokea, usiende kwa fundi wa madirisha. Tafuta mwenye tupa ndogo laini na subira.

Kuhusu Neema kutaka kujifunza: usimpe hilo la kwaya. Kwenye inchi 34, nafasi kati ya nati na freti ya kwanza ni milimita 48 na nusu, na mkono wa mtoto wa miaka 11 unakata tamaa hapo hapo. Yapo ya inchi 30, nafasi hiyo ni kama 43. Fender Mustang ya mwaka 1966 ilikuwa ya kipimo hicho na ilikuwa na freti 19, hata 20 haikufika, na watu wamepigia mambo makubwa.

Jana nilimsomea barua hii, ikiwa nusu, jirani yangu mpiga udi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akashusha udi wake ukutani, akaupitisha mkono kwenye shingo yake laini isiyo na freti hata moja, akaniuliza hao wanaogombania 20 na 24 wana matatizo gani. Nikamwambia hata sisi wa besi tunaye wa namna yake: Jaco Pastorius wa Marekani alipiga Jazz Bass iliyong'olewa freti zote, mifereji imezibwa na ubao umepakwa gundi ngumu, na dunia ikamsikiliza. Akasema, "Huyo alikuwa na akili." Wewe usijaribu. Sopranu zenu zina matatizo ya kutosha.

Hiyo laki na nusu itakayobaki, nunua seti ya nyuzi na waya wa jeki wa maana, ule wenu unakohoa kila mchungaji anaposema tuombe.

Fungua hilo gitaa jekundu kesho, kisha unipigie uniambie freti ipi imeliwa kuliko zote. Nakisia ni ya 3, maana hapo ndipo penye G yako ya uzi wa E na C yako ya uzi wa A, na wewe ukiachiwa uchague hutoki hapo. Nikikosea, soda ya kwanza ukija Tanga ni juu yangu.

Wasalimie Mama Neema na wanakwaya wote.

Ni mimi swahiba yako,
Baba Zuhura