Maktaba ya shule ya umma isimfukuze mtoto wa shule jirani

Kwa Mhariri,

Nilifundisha katika shule za msingi za umma hapa Nakuru hadi nilipostaafu, na katika shule yangu ya mwisho mimi ndiye niliyeshika funguo za maktaba. Mkutubi hatukuwa naye. Katika shule zetu za msingi mwalimu hukabidhiwa funguo na daftari la kuazimia, kisha akaambiwa kitabu kikipotea atajibu yeye. Kwa hiyo nilikuwa mkali.

Jumamosi moja nilikuwa napanga vitabu, msichana wa miaka kumi hivi akasimama mlangoni, amemshika mdogo wake mkono. Nilimtambua kwa sweta: alitoka shule ya kibinafsi iliyo nyuma ya ua wetu. Aliomba kutazama maneno matatu katika kamusi ya Kiswahili. Alikuwa ameyaandika kiganjani kwa kalamu. Nikamwambia vitabu vile ni vya wanafunzi wetu. Akasema, "Haya, mwalimu," akaenda zake. Kamusi zilikuwa zimejaa rafu nzima nyuma yangu, na siku ile hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa akizitumia.

Nimelibeba jambo hilo kwa muda mrefu. Nimeamua kuandika kwa sababu najua walimu wengi bado wanajibu kama nilivyojibu mimi, na wanaamini wanatenda haki.

Mtu akisikia "shule ya kibinafsi" huwaza basi la manjano na bwawa la kuogelea. Shule za namna hiyo zipo Nakuru, lakini sizo ninazozungumzia. Hapa Kaptembwo, na kule Rhonda, nyingi ni vyumba vichache vya mabati kwenye ploti moja. Karo hulipwa kidogo kidogo, wiki hii mia mbili, wiki ijayo chochote kitakachopatikana. Wazazi ni mafundi, wauza mboga, mama wanaofulia watu nguo. Hawakuzikimbia shule za serikali kwa majivuno. Watoto mtaani ni wengi kuliko nafasi, na mzazi anayeondoka saa kumi na moja alfajiri anataka mtoto asome mahali pa kufika kwa miguu. Wizara ya Elimu yenyewe inazitambua shule za mitaa kama hii, zile ziitwazo APBET, yaani shule mbadala za elimu ya msingi.

Sasa tutazame vitabu vinatoka wapi. Tangu 2018 serikali hununua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvipeleka katika shule za umma, lengo likiwa kila mwanafunzi awe na chake. Mimi nimefundisha enzi watoto wanne wakiinamia kitabu kimoja, yule wa pembeni akisoma maandishi yamepinduka, kwa hiyo siwezi kuubeza mpango huo hata kidogo. Ila mtoto wa ploti ya mabati hayumo ndani yake. Mamake akienda dukani kumnunulia kitabu cha hadithi, bei anayolipa ina kodi ya VAT ya asilimia 16, kwani Sheria ya VAT ya 2013 iliviingiza vitabu katika kodi hiyo. Anamlipia wake, kisha anachangia wa jirani. Mwisho wa gredi ya sita watoto hao wote wawili wanakalia mtihani mmoja wa KPSEA.

Siombi vitabu vya kiada vigawanywe. Vile vimehesabiwa kwa vichwa na mwenyewe anavihitaji kila siku. Naomba vile vingine: hadithi, kamusi, atlasi, ensaiklopidia, vitabu vya sayansi vyenye picha. Shule zikienda likizo, hivyo hufungiwa Aprili, hufungiwa Agosti, hufungiwa Novemba na Desemba yote. Nimewahi kufungua kabati Januari nikakuta mchwa wametangulia. Na mtaala huu wa umilisi unamtuma mtoto kutafuta habari mwenyewe. Asiye na maktaba anamtuma mzazi saiba, kwenye duka la intaneti, kulipia kurasa za kuchapishwa.

Wenzangu wataniuliza juu ya kupotea kwa vitabu. Swali hilo ni la haki, maana mkaguzi wa hesabu akija hasikilizi hadithi za huruma. Jibu langu ni tuanze kwa kusomea ndani. Hakuna kitabu kutoka mlangoni. Mtoto aje na kadi iliyotiwa sahihi na mwalimu mkuu wa shule yake, na shule hiyo ikubali kwa maandishi kulipa kikiharibika. Muhula mmoja ukipita salama, bodi ya shule iamue kama waazime. Mlinzi na mwalimu wa Jumamosi watahitaji cha nauli na chai, na hapo shule za kibinafsi zinazonufaika zichange. Haifai kupokea tu. Zile kubwa za upande wa Milimani, zenye maktaba ambazo shule ya umma haijawahi kuota, nazo zifungue milango kwa upande wao.

Kuna shule ambayo maktaba yake ni kabati moja la chuma ofisini kwa mwalimu mkuu. Hiyo siidai kitu.

Nimeambiwa pia kwamba Nakuru ina maktaba ya umma, ile ambayo wengi huijua kwa jina la KNLS, shirika la maktaba la taifa, watoto waende huko. Waende, ni mahali pazuri. Lakini iko mjini, na nauli ya watoto wawili kwenda na kurudi ni unga wa kesho. Tena hapa kuna pengo ambalo viongozi wetu hawalisemi. Katiba ya 2010 iliweka maktaba katika majukumu ya kaunti, shule za msingi zikabaki kwa serikali ya kitaifa. Basi mkutubi wa kaunti haoni kwamba rafu za shule zinamhusu, na mwalimu haoni wa kumpigia simu. Afisa wa elimu wa kaunti na mwenzake wa wizara wana uwezo wa kuketi asubuhi moja wakakubaliana kwamba wakutubi wawafundishe walimu wachache kupanga na kuorodhesha vitabu. Kifungu cha 53 cha Katiba hiyo hiyo kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Hakikutaja rangi ya sweta.

Nawaomba walimu wakuu na bodi za shule za Kaptembwo na Rhonda wajaribu likizo moja tu, ya Agosti, katika shule moja tu. Mimi nitashika funguo kila Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, bila kulipwa. Walimu niliofundisha nao wanajua ninapokaa.

Mwalimu mstaafu,
Kaptembwo, Nakuru