Wavuvi wa Kachchatheevu mmewapa mistari miwili

Mhariri,

Miaka yote nimesoma gazeti hili bila kuwaandikia, lakini ripoti yenu ya sikukuu ya Mtakatifu Antoni wa Padua kisiwani Kachchatheevu imenikera. Ukurasa mzima ni ugomvi wa India na Sri Lanka juu ya kisiwa. Wavuvi, wenye sikukuu yao, wameambulia mistari miwili.

Kisiwa ni cha Sri Lanka kwa makubaliano ya 1974, na ibara ya 5 inawaruhusu mahujaji wa India kufika bila hati ya kusafiria wala viza. Hakina wakazi wala maji ya kunywa. Maji huja kwa boti. Sikukuu ya Antoni ni 13 Juni, ila kule hufanywa Februari au Machi, bahari ikiwa shwari. Jioni ya kwanza hupandishwa bendera, hufuata Njia ya Msalaba na maandamano ya sanamu. Asubuhi Misa, kisha watu hurudi makwao.

Mmeandika kwamba mwaka 2024 wavuvi wa Rameswaram, mji wa jimbo la Tamil Nadu nchini India, "walisusia sala". Si kweli! Walisusia safari kwa sababu wenzao walikamatwa na kufungwa Sri Lanka, na chanzo cha kukamatwa hamkukigusa kabisa: trola, yaani meli za uvuvi zinazokokota nyavu. Mvuvi wa Jaffna, kaskazini mwa Sri Lanka, hutega nyavu jioni kwa boti ndogo ya faiba, azitoe alfajiri. Trola za Tamil Nadu huvuka usiku zikikokota nyavu chini kabisa, maana Ghuba ya Palk, bahari iliyo kati ya nchi hizo mbili, haina kina kirefu. Zikipita penye nyavu zilizotegwa, huzikata au huondoka nazo, na mwenye nyavu hukosa samaki na mtaji usiku huohuo. Sri Lanka ilipiga marufuku uvuvi huo mwaka 2017, na bado trola zinavuka. Wanaoumizana hivyo ni Watamil kwa Watamil, watu wa lugha moja pande zote mbili, Wakatoliki wengi wakiwamo, wanaopiga magoti mbele ya altare moja.

Halafu chini ya picha mmeandika "mungu wa wavuvi". Antoni alikuwa padri Mfransisko, mzaliwa wa Lisbon, akafariki 1231. Wavuvi wanamwomba awaombee kwa Mungu. Kwa nini kosa hili linarudi kila mnapoandika habari za watakatifu?

Mwakani mtumeni mwandishi wa habari za uvuvi, si wa siasa. Abebe maji yake ya siku mbili, alale kisiwani, na baada ya Misa, kabla nanga hazijang'olewa, awaulize wavuvi wa pande zote mbili: trola huvuka usiku gani, wavu mpya ni bei gani, na nani amewahi kulipwa fidia ya uliokatwa. Majibu yao myachape ukurasa wa kwanza.

Msomaji wenu,
Tanga