Kwa Baba, kuhusu kiwanja cha bondeni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wewe, Mama na wadogo zangu mkiwa wazima huko Bukoba. Mimi huku Kampala ni mzima, ingawa nimechelewa kuandika kwa sababu mvua za Aprili ziliingia chumbani kwangu zikalowesha hata karatasi nilizokuwa nimezitenga kwa ajili yenu.

Kaka ameniarifu kwamba unakusudia kuuza sehemu ya kibanja, shamba letu la migomba, ili ununue kiwanja bondeni, karibu na mto Kanoni, kwa kuwa bei yake ni nafuu na mji unaelekea huko. Kabla hujaweka sahihi, naomba uniruhusu nikueleze niliyoyaona hapa Bwaise ninakopanga.

Shuleni tulifundishwa kwamba Kampala ni mji wa vilima saba, mabonde hatukutajiwa. Sensa ya 1969 ilihesabu watu takriban 330,000, ile ya 2014 ikakuta zaidi ya 1,500,000, na hao ni mbali na wa Wakiso, wilaya inayouzunguka mji, ambayo siku hizi ina watu wengi kuliko Kampala yenyewe. Wenye fedha wamebaki juu vilimani. Sisi wengine tumeshukia kwenye vinamasi vya mafunjo vilivyofukiwa kwa kifusi na takataka, kisha vikajengwa safu za vyumba kimojakimoja ambavyo wenyeji huviita mizigo. Jina hilo lilinichekesha nilipofika, sasa halinichekeshi.

Mvua inyeshayo Makerere haikuti tena udongo wa kuinywa, maana huko juu pamejaa mabati, lami na saruji. Maji yote hutushukia kwa mkupuo, yakakuta mitaro imezibwa na chupa na mifuko ya plastiki, ile inayoitwa kavera. Kinamasi cha Lubigi, ambacho zamani kiliyapokea na kuyapunguza kasi, kimemegwa mwaka hadi mwaka, na barabara ya mchepuko wa kaskazini imepita humo humo. Tena maji ya ardhini yako karibu mno, shimo refu halichimbiki, kwa hiyo vyoo hujengwa juu ya ardhi na mtu hupanda ngazi kuviingia. Mafuriko yakija, wapo wenye nyumba wanaozibua tundu la chini ili uchafu uondoke na maji. Naona aibu kukuandikia haya, Baba, lakini ndiyo maji niliyoyakuta chini ya kitanda changu.

Upande wa pili wa mji, mtaro wa Nakivubo huishia katika ghuba ya Murchison, kwenye ziwa letu lile lile la Viktoria, na si mbali na hapo ndipo Ggaba, ambako mji huvuta maji yake ya kunywa. Sehemu kubwa ya mafunjo yaliyokuwa yakichuja uchafu huo imefyekwa, pakapandwa magimbi.

Neno kibanja hapa lipo pia, ila si lile la kwetu, la migomba, kahawa na makaburi ya wazee. Hapa ni haki ya kukaa juu ya ardhi ya mailo ambayo hati yake anayo mtu mwingine, utaratibu wa umiliki uliotokana na mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza. Jirani yangu alijenga akidhani karatasi ya mauziano inatosha. Mwaka jana mwenye hati akajitokeza.

Kwa hiyo, Baba, nakuomba umtume Kaka aende kwenye kiwanja hicho siku ya mvua kubwa, asiende siku ya jua, awaulize majirani maji hufika wapi ukutani na hukaa siku ngapi. Aulize pia hati iko kwa nani. Ikiwa alama ya maji imepita goti, zile fedha nilizoziweka kwa ajili ya msingi zitangoja kiwanja kingine, hata kikiwa kidogo, mradi kiko juu.

Msalimie Mama.

Mwanao