Salamu za shukrani: dada yetu amepata figo, ahsanteni sana

Ndugu, jamaa, marafiki, majirani zetu wa Mbagala na wa kule nyumbani Lushoto, walimu wenzake, wanakwaya, wazazi wa watoto anaowafundisha na nyie wote mliokuwa kwenye lile grupu la mchango, Bwana asifiwe, asalaam aleikum. Dada yetu amewekewa figo, imeshika vizuri, ameshatoka wodini. Madaktari walituambia mkojo ulianza kutoka akiwa bado kwenye kitanda cha upasuaji, shangazi aliposikia hivyo alikaa chini palepale koridoni akalia kwa furaha. Tumeona tuandike hapa maana tukisema tupige simu kwa mmoja mmoja lazima tutasahau mtu, na nyie hamkutusahau.

Wengi mlichangia mkijua ni figo tu. Chanzo chake ni lupasi, ni ugonjwa ambao kinga ya mwili badala ya kupigana na vijidudu inageuka inaanza kuushambulia mwili wenyewe, ngozi, viungo, damu, mpaka figo. Katika wagonjwa kumi karibu tisa ni wanawake, na wengi unawaanza wakiwa bado wadada. Kwake ulianza na vidole, asubuhi vinakakamaa mpaka chaki inamshinda kushika, baadae nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, akitoka juani mashavu na pua vinatoka madoa, watu wakasema mkorogo huo, wengine wakasema karogwa. Alafu mkojo ukawa na povu ambalo haliishi, miguu ikavimba. Kuna kijana mmoja mganga wa zahanati, yeye hakubishana na mtu, alichovya tu ile karatasi ya kipimo kwenye mkojo akaona protini imejaa, akaandika rufaa siku ileile. Kijana wetu popote ulipo, Mungu akuinue.

Sasa kuna hili la kusubiri, tunaomba tulieleze vizuri maana liliulizwa sana: mbona hela imetimia, mtoaji figo yupo, na upasuaji hauna tarehe? Jamani, mwenye lupasi hawekewi figo wakati ugonjwa bado umewaka, ni sawa na kupaua nyumba huku moto unawaka ndani. Madaktari wengi wanataka kwanza lupasi itulie kabisa, kawaida kama miezi 6 hivi, na mgonjwa awe ameshushwa kwenye kiwango kidogo cha prednisoloni, ile dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Pia wanapima damu kuangalia kama ana zile kingamwili zinazofanya damu igande, kwa sababu wenye lupasi baadhi wanakuwa nazo, na zisipojulikana mapema mshipa wa figo mpya unaweza kuziba. Na mtoaji akiwa ndugu wa damu nae anapimwa isije kuwa ana lupasi iliyojificha. Muda wote huo dada alikuwa kwenye dayalisisi, ile mashine ya kusafisha damu badala ya figo, mara tatu kwa wiki, masaa manne kila mara, mkono umechomwa sindano mbili nene, akirudi nyumbani hana hata nguvu ya kuvua viatu. Kwa hiyo wale mliosubiri bila kutusema vibaya tunawashukuru kwa namna ya pekee, kwa kweli mlitubeba, maana mtaani maneno yalikuwepo kwamba hela imeliwa na yalituumiza sana. Shangazi yetu mtunza hazina kila Jumapili baada ya ibada alikuwa anapiga picha stetimenti ya benki anaweka kwenye grupu, hata wiki ambazo hakuna kilichoingia wala kutoka. Ahsante shangazi, ulilinda heshima ya ukoo.

Kaka yetu mdogo ndo aliyetoa figo, ya kushoto. Hakuombwa mara mbili. Na tunamshukuru wifi yetu, maana wazee walipomwita kumuuliza alisema kama yeye ndo angekuwa anaumwa angependa ndugu zake wakae kikao kama kile, akamwambia mumewe nenda. Wapo waliomtisha kwamba mwanaume akitoa figo anapoteza nguvu zake, hiyo si kweli, waache kupotosha watu, figo moja nzima inatosha kumuendesha mtu maisha yake yote, cha muhimu awe anapimwa presha na figo kila mwaka na ajilinde na madawa ya maumivu ya ovyoovyo. Kaka yuko nyumbani, anatembea, anakula ugali wake.

Tuwashukuru madaktari, manesi na wahudumu wote wa Muhimbili. Tukumbuke kwamba mpaka Novemba 2017 hapa nchini hakuna aliyekuwa amepandikizwa figo, ndo Muhimbili wakafanya ya kwanza wakisaidiwa na wataalamu wa hospitali ya BLK ya New Delhi, na mwaka uliofuata hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma nao wakaanza wakishirikiana na Wajapani. Sisi familia tulishakaa kikao cha kuuza kiwanja cha baba ili aende India, na kingeuzwa, yaani tusingesita. Leo kiwanja kipo na baba alikuwa anashika mkono wa mwanae kila muda wa kuona wagonjwa. Manesi wa dayalisisi, nyie hatuna hata la kusema, mlimjua dada mpaka nyimbo anazopenda. Na jirani yetu wa bajaji uliyekuwa unamchukua alfajiri bila kuuliza nauli, tumeona.

Vijana wa kwaya nao walimpa moyo kwa kumtumia habari za Selena Gomez, yule mwanamuziki wa Marekani aliyewekewa figo ya rafiki yake mwaka 2017 kwa lupasi hiihii, dada akawa anasema kumbe mtu anarudi jukwaani.

Mnaokuja kumuona msishangae, figo zake za zamani hazijatolewa, mpya imewekwa chini ya tumbo upande wa kulia karibu na nyonga, kwa hiyo anazo tatu. Ila lupasi haijaisha. Dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, takrolimasi, maikofenoleti na prednisoloni, zinasaidia kuibana na lupasi pia, na ile dawa yake ya lupasi, haidroksiklorokwini, anaendelea nayo, maana lupasi inaweza kurudi kwenye figo mpya, ingawa si kawaida irudi kwa nguvu ya kuiua. Dawa hizi ni za kila siku, asubuhi na jioni kwa saa ileile, muda wote figo inapofanya kazi, na ni ghali, ndo maana kikao kimekubaliana hela iliyobaki yote iende kwenye dawa na vipimo, mahesabu yako kwa shangazi na kila aliyechangia ana haki ya kuyaona. Mchango umefungwa rasmi, mtu akikupigia anaomba hela kwa jina la dada yetu usitume.

Tunawaomba kwa upendo msimletee dawa za mitishamba hata ziwe zimemponya nani, wala mabalungi, yanapandisha kiwango cha takrolimasi kwenye damu. Mwenye mafua au kikohozi asije kwanza, apige simu, wengine mje na barakoa, wawili wawili, jioni jua likishapoa ili aweze kukaa nanyi barazani. Siku ya ibada ya shukrani tutaitangaza daktari akisharuhusu akae kwenye watu wengi.

Mungu awarudishie pale mlipopunguza. Ni sisi ndugu zake, kwa niaba ya baba, mama na ukoo mzima.