YAH: MALALAMIKO KUHUSU PROGRAMU YENU YA KUANDIKIA KUJIFUNGA KWA SABABU YA FONTI

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaendesha steshenari hapa Mtwara mjini na leseni yenu nimeilipia. Msimu wa korosho ndio msimu wetu pia: vyama vya msingi vya ushirika huleta mihtasari ya vikao, matangazo ya minada na barua za kwenda wilayani, na vyote hutakiwa siku hiyo hiyo. Katikati ya kazi hizo programu yenu ikaanza kujifunga yenyewe. Ukifungua tu orodha ya fonti, yaani mitindo ya herufi, inaganda, kisha inatoweka pamoja na kurasa ambazo hazijahifadhiwa. Katibu wa chama kutoka Nanyamba alikaa kwenye benchi akisubiri muhtasari niliokuwa nauandika upya, hadi gari la jioni likamwacha.

Nilipowapigia simu niliambiwa niifute programu na kuisakinisha upya. Bando likaisha, tatizo likabaki pale pale. Lisingeweza kuondoka, kwa sababu fonti hizo hazikai ndani ya programu yenu. Zinakaa kwenye folda ya Fonts ya Windows, au ndani ya AppData, folda ya binafsi ya mtumiaji, kama alijisakinishia peke yake, na kufuta programu hakuzigusi. Anayejibu simu za wateja wenu alipaswa kulijua hilo.

Dawa niliipata mwenyewe. Fonti zote za ziada nilizihamishia folda ya pembeni, nikaacha zile zilizokuja na Windows. Programu ikafanya kazi vizuri. Nikarudisha nusu, zikawa salama. Nikarudisha nusu ya zilizobaki, ikaanguka. Nikazidi kugawa hivyo hivyo hadi ikabaki moja, fonti ya mapambo ya kadi za harusi, faili la fonti la aina ya TTF lililoharibika ambalo lilifika kwa flashi ya mteja. Nilipoiondoa na kuwasha kompyuta upya, orodha ikafunguka bila shida.

Fonti mbovu haziwezi kwisha. Huku kwetu kila mwenye harusi anakuja na za kwake, na siwezi kumrudisha mlangoni. Ninachowalaumu ni kwamba programu inayouzwa kwa fedha inaangushwa na faili moja tu, tena bila kulitaja. Ilipaswa kuiruka fonti hiyo, ionyeshe jina lake ili mtu aiondoe, na iokoe kazi iliyokuwa wazi.

Naomba hilo lirekebishwe kwenye toleo lijalo. Wakati tunasubiri, wapeni watu wenu wa simu utaratibu huu wa nusu kwa nusu, na uandikeni kwa Kiswahili, maana wenzangu wa Masasi na Newala wakipatwa na shida hii watazidi kuchoma bando bure. Naomba pia leseni yangu iongezwe muda kufidia siku ambazo programu haikutumika.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi.

Wenu mteja,
Mmiliki wa steshenari,
Mtwara