Pasaka njema kutoka Central Park

Ndugu, jamaa na marafiki wa Moshi, Dar na popote ujumbe huu utakapowakuta: Kristo amefufuka! Wakubwa shikamooni. Wadogo, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Jana, Jumamosi Kuu, nilikwenda kutembea Central Park, hapa New York. Kwa mazoea nilivaa koti zito; ilipofika saa tano nilikuwa nimelibeba mkononi kama mtu anayelipeleka kwa dobi. Majira ya kuchipua hapa hayabishi hodi. Juzijuzi tu miti ilikuwa mikavu kama kuni, na sasa micheri inayozunguka bwawa kubwa imefunikwa na maua, majani yenyewe bado. Upepo ukivuma kidogo tu, maua yanakudondokea kichwani na mabegani. Niliwaona maharusi watatu wakisubiri zamu ya kupigwa picha chini ya mti mmoja, na wala hawakununiana.

Bustani ina ekari 843, na karibu yote ni kazi ya mikono ya watu, mpaka maziwa yake. Ramani ya wabunifu wawili, Olmsted na Vaux, ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1858. Lakini upande wa magharibi, kati ya mtaa wa 82 na wa 89, palikuwa na kijiji, Seneca Village. Watu weusi huru walianza kununua viwanja pale mwaka 1825, wakajenga nyumba, shule na makanisa. Mwaka 1857 wote walikuwa wameondolewa ili kupisha bustani. Leo ni nyasi, mawe na vibao vya maelezo. Nilisimama pale kitambo, nikawaza Pasaka yao ya mwisho: walivaa nini, walipika nini, na kama walikuwa wamekwisha kuanza kufunga mizigo.

Kisha nikashuka hadi kwenye chemchemi ya Bethesda. Juu yake amesimama malaika wa shaba, mabawa wazi, ua la yungiyungi mkononi, na mkono mwingine ameunyoosha juu ya maji kama anayabariki. Ni kazi ya mchongaji Emma Stebbins, ilizinduliwa mwaka 1873. Mji huu ulikuwa umekunywa maji machafu ya visima kwa miaka mingi, na kipindupindu cha 1832 kiliua maelfu. Mwaka 1842 ndipo maji safi ya mto Croton yalipofika kwa mfereji, na malaika huyu ni shukrani ya maji hayo. Jina limetoka Injili ya Yohana, sura ya 5: lile birika la matao matano ambalo Biblia yetu inaliita Bethzatha, alikolala mgonjwa wa miaka 38 bila mtu wa kumtia majini.

Nikiwa bado pale, mama akapiga simu. Kwangu saa sita mchana, kwake saa moja usiku, anajiandaa kwa mkesha. Masika imeshika, anasema, mvua haijakata tangu asubuhi na njia ya kanisani ni tope tupu. Alikuwa anatafuta buti lake la pili. Dumu la lita tano la kubarikiwa maji lilikuwa tayari mlangoni, na mshumaa ameuzungushia mfuko wa nailoni.

"Huko nako mvua?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, huku yananyesha maua. Akacheka, akasema nisimletee mashairi, nimwambie kama nimekula.

Basi, nawatakia Pasaka njema nyote. Wasiosherehekea nao, karibuni pilau kwa majirani. Walio mabondeni, myaangalie maji haya ya masika. Na mama, usiligawe dumu lote. Desemba nikija nataka nikute walau chupa moja.